Mwalimu Lusia Bujiku na Sauti ya Baba Blessing

Ndugu waombolezaji, mimi ni Cornel Bujiku, mdogo wake marehemu. Alipokuwa mgonjwa dada aliniagiza: "Cornel, ukiniandika mtakatifu nitakucheka hukohuko nitakakokuwa. Soma na kosa langu." Baba mdogo Sostenes hakupenda, akasema aibu ya marehemu haisomwi makaburini. Namheshimu, lakini wosia ni wosia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1978 huko Ushetu, mtoto wa pili wa Mzee Bujiku Masele, mkulima wa tumbaku, na mama yetu, Limi. Tangu udogo alipenda kufuatilia mambo. Zamu zetu za kuchota maji alizichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Mimi mvivu nilijiongezea alama kwa siri, akanikamata siku hiyohiyo kwa sababu zangu zilikuwa nene kuliko zake. Nilichota maji wiki nzima.

Alisoma shule ya msingi kijijini, sekondari Kahama na Shinyanga, kisha Chuo cha Ualimu Butimba, alikohitimu stashahada mwaka 2001. Alianza kazi Bugarama, na mwaka 2009 akahamia sekondari moja nje kidogo ya Geita, akafundisha Kiswahili hadi ugonjwa ulipomtoa darasani. Tarehe 2 Oktoba 2004 alifunga ndoa na Bwana Stanslaus, fundi wa pampu, ambaye mpaka leo hana hakika kama alichumbia au alichumbiwa.

Mwaka 2021 alianza kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili kutengeneza podikasti. Kila kundi la watoto watano lilimhoji mzazi mmoja kuhusu kazi yake. Kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni, mkuu wa shule alikubali itumike moja tu, ya mwalimu mwenyewe, na kila anayeichukua asaini daftari. Ukutani alibandika karatasi ya manila: maswali, kurekodi, kuhariri, kusikiliza. Waliomaliza aliwawekea alama ya kijani, waliochelewa nyekundu. Watoto waliiogopa ile nyekundu kuliko fimbo.

Sasa kosa. Septemba 2022 kundi la nne lilikuwa na nyekundu wiki ya tatu mfululizo. Walikuwa wamemrekodi Bwana Thobias, mchimbaji mdogo, baba wa mwanafunzi aitwaye Blessing, wakaishia hapo. Jumatatu asubuhi simu ilijaa. Makundi mengine yalikuwa yanasubiri, na dada alikuwa na hasira. Akasema, "Wavivu hawawezi kuwacheleweshea wenzao," akaifuta rekodi yao bila kuuliza mtu.

Hakujua kwamba Jumamosi iliyotangulia duara, yaani shimo la dhahabu alilokuwa akichimba Bwana Thobias, lilititia naye ndani. Hakujua kwamba familia ilikwishaondoka na mwili kwenda kuzika kwao Msalala, wala kwamba zile wiki tatu Blessing alikuwa akimsaidia mama yake kuponda mawe. Habari zilifika shuleni Jumanne. Dada alipeleka simu kwa mafundi wawili mjini, wote wakamwambia sauti mpya zimeshakaa juu ya ile ya zamani.

Mjane, Mama Blessing, aliporudi alikwenda shuleni mwenyewe. "Shikamoo mwalimu. Nimesikia mnayo sauti ya Baba Blessing." Dada alipiga magoti pale nje ya ofisi, akaeleza. Akajaribu kumsimulia alichokuwa amekisikia, jinsi Bwana Thobias alivyosema jiwe lenye dhahabu yeye hulijua kwa kulilamba, na alivyocheka binti yake alipomuuliza anaogopa nini. Mama Blessing akamzuia. "Usinisimulie, mwalimu. Nilitaka kumsikia yeye."

Tangu siku hiyo ile karatasi ya ukutani ilikuwa na safu mpya, ya kwanza kabisa: Nyumbani kukoje? Hakuna kundi lililopewa nyekundu kabla dada hajafika kwao kwa miguu. Kila rekodi ilinakiliwa mara tatu, na nakala moja alipewa mzazi kabla darasa halijasikiliza. Zimefika sitini na mbili. Wengi wenu mnazo nyumbani. Ya sitini na tatu, ile ya Baba Blessing, hakuipata, na ndiyo aliyoililia.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani. Alitibiwa Mwanza kwa mwaka mmoja na nusu, akisahihisha kazi za watoto kitandani mpaka wauguzi wakamnyang'anya kalamu. Mara ya mwisho niliyomwona aliuliza, "Mama Blessing hajasema neno?" Nikamjibu bado. Akageukia ukutani. Alifariki Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 46.

Ameacha mume, watoto watatu, Januari, Dorah na Fredy, mama yetu, ndugu wanne, na wanafunzi ambao sitajaribu kuwahesabu.

Maneno yafuatayo hayamo kwenye karatasi mlizonazo, kwa sababu zilikwishachapwa. Jana mchana Mama Blessing alikuja msibani. Alikaa na akina mama, akachambua mchele, kisha akaniita pembeni. "Baba, unamwandika dada yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Andika kwamba nilimsamehe mwaka jana, mavuno ya mpunga. Nilipanga nije nimwambie. Nikasema kesho, nikasema kesho."

Alilia, nami nikalia.

Nimeandika, mama. Na wewe dada Lusia, umesamehewa. Pumzika sasa.