Mama Brashi na Ukuta Uliopakwa Chokaa

Wasikilizaji wapendwa, gari limeshaondoka. Limetoka mtaani saa nne kamili, limepita kiwanda cha mikate, na sasa hivi ninavyoongea linapanda polepole kuelekea makaburini, watu wakilifuata kwa miguu. Nilitaka niwe mmoja wao. Nilishavaa viatu. Binti wa marehemu akanizuia mlangoni, akaniambia, "Babu, kule wa kubeba wapo. Wa kusema hakuna. Nenda redioni." Basi nimekuja redioni.

Leo tunamkumbuka Mama Brashi, mchoraji wa vibao vya biashara. Amefariki Jumapili asubuhi nyumbani kwa binti yake, akiwa na miaka sabini na mmoja. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: Mama Brashi, mchoraji wa vibao, amefariki, miaka sabini na mmoja. Kama umewahi kununua mkate, kunyoa nywele au kushonesha suruali katika mtaa ule, mwandiko wake umeusoma, hata kama hukujua ni wake.

Kazi hakuitafuta, ilimfuata. Mwenye brashi alikuwa mumewe. Siku moja mume akaanguka kutoka kwenye ngazi, akavunjika mguu, na kibao cha duka la dawa kilikuwa kimefika nusu. Mama akapanda ngazi amalizie. Alisema ni kwa wiki mbili tu, mpaka mguu upone. Mguu ulipona. Brashi hakuirudisha. Mume alikuwa akikaa chini kwenye kigoda, anamkosoa: herufi hii imelala, ile imenenepa. Mama anajibu kutoka juu, "Imelala kwa sababu imechoka, kama mimi. Niletee maji." Waliishi hivyo miaka kumi na tisa, hadi mume alipofariki.

Mbao za vibao alikuwa akizitengeneza mdogo wa mume, fundi seremala. Huyo ndiye shemeji yake, na mumkumbuke vizuri, maana habari yetu inapita kwake. Shemeji anaranda ubao, Mama anapaka rangi. Walikuwa hawapitishi siku bila kuchokozana. Shemeji alikuwa akisema mbao zake ndizo zinazouza biashara, rangi ni mapambo. Mama alikuwa akisema hajawahi kuona mteja anasoma ubao mtupu.

Sasa, katika mtaa ule kuna bohari. Zamani jiji lilikuwa linahifadhi magunia humo. Magunia yalipokwisha, wakazi wakaomba kulitumia, wakaruhusiwa kwa mdomo. Kwaya ikaingia Jumanne, maigizo Alhamisi, wafumaji Jumamosi. Ndani, upande wa kushoto ukiingia, kuna ukuta mrefu usio na dirisha hata moja. Huo ukuta Mama Brashi aliufanya wake.

Alikuwa na utaratibu. Mtu akianza kazi mtaani, kazi yoyote, Mama anamwita boharini. Anamsimamisha mbele ya ukuta na kumwambia, "Nieleze ulijifunzia wapi." Mtu anaeleza, Mama anachora kifaa chake. Cherehani. Msumeno. Pasi ya dobi. Maelezo yakiisha na picha imeisha. Ukiwa mtu wa maneno mengi unapata picha kubwa. Hata mimi aliwahi kunisimamisha, nikamwambia sina kazi moja, nimepika kwenye treni, nimepakia mizigo, nimeuza magazeti. Akanichorea ndala. Akasema, "Wewe kazi yako ni kuondoka."

Picha zilifika sitini na moja. Hakuna aliyezihesabu ila yeye.

Wasikilizaji wapendwa, miaka kumi na miwili iliyopita jiji lilitangaza ruzuku. Ruzuku ya sanaa na utamaduni kwa vikundi vya mitaa. Tangazo lilikuwa na habari njema na habari mbaya kwenye karatasi moja. Njema ni hii: kikundi kitakachopata ruzuku kitakabidhiwa na jengo kinalolitumia, kwa maandishi, miaka mitano. Mbaya ni hii: jengo la jiji lisilo na shughuli ya sanaa litarudi jijini. Na bohari lile lilikuwa tayari limepangiwa kazi. Lingekuwa maegesho ya magari ya taka. Narudia ili tuwe pamoja: wakipata ruzuku, bohari ni lao. Wakionekana hawana sanaa, linaingia magari ya taka.

Mama alijaza fomu peke yake, siku tatu, kwenye meza ya jikoni. Palipoulizwa msanii mkuu ni nani, pana mstari mmoja tu, aliandika: tuko sitini na mmoja, orodha imeambatanishwa. Palipoulizwa kazi ya sanaa ni ipi, akaeleza ukuta. Kwaya aliitaja chini, kwa maneno mawili. Akapeleka fomu. Jibu likaja kwamba wakaguzi watafika Jumatatu asubuhi kuiona hiyo kazi.

Wiki ileile binti yake akajifungua, mji mwingine. Mama akafunga mfuko. Akiwa anatoka akamwambia shemeji kwamba wageni wa jiji wanakuja, yeye atarudi Jumapili, ukumbi wasiuache na vumbi. Basi. Hakumwambia mtu yeyote ameandika nini kwenye fomu.

Watu wa mtaa ule nawafahamu. Mgeni akija, wanapaka chokaa. Mgeni wa harusi, chokaa. Mgeni wa msiba, chokaa. Nimeona wakipaka chokaa mawe ya kandokando ya njia kwa sababu mwalimu mkuu mpya alikuwa apite. Sasa hawa ni wageni wa jiji, wenye faili. Shemeji akachangisha watu, wakanunua mifuko minne. Ijumaa na Jumamosi walipaka bohari lote, nje na ndani. Hata ule ukuta. Hasa ule ukuta, kwa sababu ulikuwa na masizi na alama za mikono, na picha za chini zilikuwa zimeanza kubanduka.

Nilimuuliza shemeji juzi, hivi hamkufikiri? Akanijibu kwa utulivu kabisa. "Sisi tulijua sanaa ni kwaya. Kwaya tuliinunulia sare. Ule ukuta tulikuwa tumeuzoea, kaka. Nilikuwa nautundikia koti."

Mama alirudi Jumapili alasiri. Walikuwa wamempangia mapokezi, wamesimama mlangoni na brashi zao mkononi, nguo zina madoa, wanamsubiri afurahi. Akaingia. Akatembea kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Akapitisha kiganja, akakiangalia. Kisha akasema, "Mmepaka vizuri. Hakuna mchirizi."

Halafu akakaa kwenye benchi na kuwaambia alichoandika kwenye fomu.

Kinyozi, aliyekuwepo, anasema hapohapo mapendekezo yakaanza. Mmoja akasema wakwangue chokaa. Wakajaribu kona, ikatoka chokaa pamoja na picha. Shemeji akasema waseme paa lilivuja. Kinyozi akashauri wakaguzi wapewe chakula kwanza, wakishashiba hawatauliza sana. Mama akawasikiliza wote. Akasema kosa la kwanza ni lake, aliandika habari za watu wote wale bila kuwasomea. La pili ni lao. Lakini la tatu halitakuwepo. "Nimeandika ukuta," akasema. "Wataonyeshwa ukuta." Akatuma watu waokote mkaa jikoni, kila mtu kipande chake, na saa mbili asubuhi kila mmoja awe amesimama mahali picha yake ilipokuwa.

Wakaguzi walikuwa watatu. Aliyewaongoza ni mwanamke mwenye miwani na faili la kijani. Wakakuta ukuta mweupe na watu wamejipanga mbele yake kama wanaopigwa picha ya shule. Mama akamweleza yule mkaguzi ukweli wote, bila kupunguza. Kisha akamgeukia fundi cherehani na kumwambia aeleze alijifunzia wapi.

Fundi cherehani akaeleza, huku anachora. Wakafuata wengine. Dobi alisema alijifunza pasi hotelini, akachoma shuka la kwanza, akalivaa mwenyewe kama shati mwaka mzima. Akachora pasi iliyopinda. Mkaguzi alifika kwa kinyozi, akainama, akauliza hiki ni nini. Kinyozi akasema ni mkasi. Mkaguzi akasema alidhani ni kuku. Kinyozi akamwambia, "Basi mheshimiwa, kwangu usije kunyoa." Watu wakacheka, hata wale wawili waliokuwa wamenuna.

Ikafika zamu ya shemeji. Mkaa mkononi, mkono hauendi. Akasema, "Hapa palikuwa na msumeno. Aliuchora wiki niliyofungua karakana, kaka yangu akiwa hai. Mimi mwenyewe ndiye niliyeupaka chokaa."

Akataka kuendelea. Mama akamwambia, "Chora, shemeji. Usihutubie." Akachora. Meno ya msumeno aliyachora moja moja, akachukua nusu saa, na wakaguzi walisubiri.

Najua mnachotaka niseme. Mnataka niseme walipewa ruzuku. Hawakupewa. Barua ilikuja baada ya wiki sita: kazi iliyoelezwa kwenye maombi haikuonekana, maombi yamekataliwa. Lakini nyuma ya barua palikuwa na karatasi ya ukaguzi, na kwenye karatasi hiyo swali moja: je, jengo linatumika kwa shughuli za sanaa? Yule mwanamke alikuwa ameweka alama kwenye ndiyo. Alama hiyo moja ndiyo iliyozuia magari ya taka kwa mwaka mmoja.

Mtaani watu walikasirika. Kulikuwa na maneno ya kwenda kupiga kelele jijini. Mama alikataa. Binti yake anakumbuka alivyosema: "Waliahidiwa picha, wakaona chokaa. Ningekuwa mimi ningewanyima pia." Kesho yake akavaa kitenge safi, akaenda ofisini na fomu yake iliyokataliwa, akakaa kwenye benchi la korido mpaka yule mwenye miwani alipotoka. Hakwenda kulalamika. Alimwomba amweleze kila swali la fomu lilikuwa linataka nini. Alirudi siku nne mfululizo. Siku ya nne aliletewa kiti ndani.

Mwaka ule ukuta ulichorwa upya. Safari hii watu walichora wenyewe kwa mkaa, Mama akapaka rangi tu ndani ya mistari yao. Msumeno wa shemeji ulibaki na meno mengi kupita kiasi. Mkasi wa kinyozi ulibaki kuku. Mama hakuwarekebisha. Na fomu ilipojazwa, hakuipeleka. Aliwaita wote boharini, akasimama, akaisoma kwa sauti, swali kwa swali, jibu kwa jibu. Mwenye neno aliambiwa aseme. Walibishana siku mbili. Wafumaji walilalamika wametajwa baada ya maigizo. Ikarekebishwa. Ndipo ikapelekwa.

Walipewa. Bohari likaandikwa jina lao, miaka mitano. Ilipoisha wakaomba tena, wakapewa tena. Vikundi vya mitaa mingine vikasikia, vikaanza kumfuata awasaidie. Vilifika tisa. Masharti yake yalikuwa yaleyale: fomu inasomwa kwa sauti mbele ya wote wanaotajwa humo, la sivyo yeye hashiki kalamu. Mmoja wa viongozi wa vikundi hivyo alimwambia wanachama wake hawajui mambo ya fomu. Mama akamjibu, "Wanajua mambo yao. Fomu ni ya kwao."

Huyo ndiye Mama Brashi, mchoraji wa vibao.

Kwa binti yake na mjukuu wake, kwa shemeji, kwa mtaa mzima unaotembea nyuma ya gari asubuhi hii: poleni sana. Tumeumia pamoja nanyi. Apumzike. Na wewe unayenisikiliza, ukizima redio toka nje kidogo, uangalie. Kuna kitu mtaani kwako umekizoea hadi unakitundikia koti. Kiulize ni cha nani. Halafu waambie wenzako kabla mgeni hajaja.

Mmeniuliza kwa simu wengine wako wapi. Dobi alifariki mwaka juzi. Kinyozi amefunga, macho yanamsumbua, anaishi na mwanawe. Fundi cherehani bado yupo palepale. Mwanamke mwenye miwani alihamishiwa idara ya maji, sasa amestaafu. Binti ni muuguzi, alisharudi kuishi mtaani. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya chokaa ana miaka kumi na miwili na anaimba kwaya ya Jumanne. Picha ukutani ni themanini na nne. Muhula wa pili wa bohari unaisha mwaka huu. Fomu mpya ameijaza shemeji. Aliisoma kwa sauti boharini siku ya Jumatano, Mama akiwa amelala nyumbani, hawezi kuja. Walibishana juu ya swali la saba hadi jioni. Ijumaa akaipeleka jijini. Wamempa karatasi yenye muhuri kwamba imepokelewa. Wakaguzi watakuja mwezi ujao, Jumatatu ya pili.