Kweli au Mfano: Maisha ya Dk. Claudia Niyonzima

Baba Paroko, viongozi wa kata yetu ya Ntobeye, wahadhiri na wanafunzi mliosafiri kutoka Mwanza, ndugu, majirani na waombolezaji wote, wazee wetu shikamooni, familia inawasomea historia ya mpendwa wetu Dk. Claudia Niyonzima, kwa sharti moja la mama yake mzazi, Bi. Kanyange, mnayemwona ameketi karibu na jeneza, kwamba lisisomwe hapa neno lolote lisilo kweli, hata kama lingetufariji, na sababu ya sharti hilo mtaisikia humu humu.

Marehemu alizaliwa hapa Ntobeye, wilayani Ngara, tarehe 14 Machi 1976, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bi. Kanyange na Mzee Fideli Niyonzima, aliyeingia kijijini akitokea Burundi mwaka 1972 na kufariki mwaka 2003. Aliyemlea mgongoni, mama alipokuwa shambani, ni kaka yake Niyongabo, ambaye mwaka 1999 aliaga kwamba anakwenda machimbo ya dhahabu upande wa Biharamulo na kwamba Krismasi ingemkuta nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona, hakuna kaburi, na Bi. Kanyange hakukubali hata siku moja matanga yake yakaliwe.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1984 hadi 1990, akaendelea na sekondari hadi kidato cha sita mwaka 1997, akapata shahada ya kwanza Dar es Salaam mwaka 2001 na ya uzamili mwaka 2005, na mwaka huo huo akaajiriwa kufundisha sintaksia zalishi katika chuo kikuu jijini Mwanza. Alipotueleza kazi hiyo mara ya kwanza wengi wetu tulidhani ni mambo ya mifugo, naye akacheka sana, akafafanua kwamba ni elimu ya kutafuta kanuni zilizomo kichwani mwa kila msemaji, hata asiyejua kusoma, zinazomwezesha kutunga sentensi zisizo na mwisho, zikiwemo ambazo hajapata kuzisikia tangu azaliwe.

Tarehe 24 Juni 2006 alifunga ndoa takatifu huko Nyarubungo, wilayani Biharamulo, na Mwalimu Pancras Shibuda, wakajaliwa watoto wawili, Clarisse na Fideli.

Julai 2012, akiwa katika utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu lugha yetu ya Kihangaza, alirudi hapa na kinasa sauti, akamkalisha mama yake uani wakati maharage yanapukuchuliwa, kwa maana kazi yao ndivyo ilivyo, mtafiti hubuni sentensi, humsomea mwenye lugha, na mwenye lugha husema kama inasemeka au haisemeki, basi. Ili mama ajibu bila kusitasita, marehemu alitumia majina ya watu wa nyumbani, na katikati ya sentensi nyingi za watu waliopika, waliolima na waliouza mbuzi, akasoma moja iliyosema Niyongabo amerudi.

Bi. Kanyange hakujibu kama inasemeka. Aliinuka, akajikung'uta makapi, akaingia ndani, na binti yake akadhani amekwenda kuepua chungu, akaendelea kuandika, kumbe mama anatandika kitanda cha mwanawe, na baada ya hapo akatokea mlango wa nyuma kuwaita majirani. Uwanja ulipojaa vigelegele ndipo msomi wetu alipoelewa alichokifanya, akasimama mbele ya watu wote akilia, akaeleza kwamba ule ulikuwa mfano tu, na wanawake waliokuwepo, ambao wengine wako hapa, wanakumbuka mama alivyouliza kwa upole ni elimu gani hiyo inayomrudisha mtoto wa mtu nyumbani kisha ikamchukua tena.

Tangu siku hiyo mama alimpa binti yake ndizi, maombi na baraka, lakini sentensi hakumpa tena, na kila habari aliyoletewa, ya kutunukiwa uzamivu Novemba 2014, ya kupandishwa cheo, hata ya mjukuu kufaulu mtihani, aliipokea kwanza kwa kuuliza kama ni kweli au ni mfano. Marehemu aliomba radhi mara nyingi, na mama alisamehe, ila kuamini ni kitu kingine, na jambo hilo lilimtafuna marehemu kuliko tulivyojua. Wanafunzi wake wametueleza kwamba katika mihadhara yake yote hakuruhusu jina la mtu mwingine katika mfano, aliweka lake tu, Claudia amepika, Claudia amelala, Claudia amekufa, nao wakicheka wasijue.

Septemba 2023 alianza kuugua, vipimo vikaonyesha saratani ya ini, na alipopiga simu nyumbani mama aliuliza swali lake lile lile, naye akajibu kwamba safari hii ni kweli. Alitibiwa Mwanza kwa muda mrefu bila nafuu, na Mei 2025 aliomba mwenyewe kuletwa Ntobeye. Hapa ndipo mama alipoketi kando ya kitanda chake, baada ya miaka yote ile, akamtungia sentensi kwa Kihangaza, kwamba Claudia atapona arudi kufundisha, akamwuliza kama inasemeka. Marehemu alimshika mkono, akamjibu kwamba inasemeka vizuri sana, mama, lakini ni mfano tu. Alifariki Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, saa nne asubuhi, mama yake akiwa amemshika mkono ule ule.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wahadhiri wenzake waliobeba vipindi vyake bila kunung'unika, na majirani wa Ntobeye na Murukulazo mlioleta kuni, maharage na ndizi kabla hatujaomba, hatuna cha kuwalipa, Mungu awalipe.

Mwisho, Bi. Kanyange ameagiza tusiseme hapa kwamba binti yake amelala wala amesafiri, na wala tusiseme kwamba mwanawe amekufa, kwa sababu hilo hakuna aliyeliona, bali tuwasomee sentensi mbili tu, ambazo zote ni kweli, na tuwajulishe kwamba leo anakaa matanga ya wote wawili. Claudia amekufa. Niyongabo hajarudi.

Pumzika, binti yetu, kwa amani uliyoitafuta, mama yako amekuamini.