Bastola Ndani ya Mtumbwi

Damari alipanda mtumbwi wa kuvukia Mto Mbaka na vyungu vyake, akaketi katikati ya Yakobo na Gideoni, maboi wawili wa Wajerumani. Bwana wa Yakobo alitaka kununua bastola, na mbebaji angekuwa Yakobo, basi wakabishana ipi inafaa.

"Ya gurudumu la risasi haina makuu," alisema Yakobo. "Risasi ikigoma, unavuta tena, inakuja nyingine."

"Ushamba huo! Mpya inajijaza yenyewe," alijibu Gideoni.

"Ikijaa mchanga wa ufukwe wa Mwaya je?"

Kiboko akaibuka, akakoroma. Wote wawili wakajibanza nyuma ya chungu kikubwa cha pombe.

"Kwa ya gurudumu ningempata," alinong'ona Yakobo.

"Ungemkasirisha tu."

Mtumbwi ulipogusa ukingo, Damari alikigonga chungu kwa kidole, kama awapimiavyo wateja kujua kama kina ufa. Kikalia safi.

"Hiki kizima," akasema. "Nyinyi je?"