Swadiki Lomoro na Jerikani za Bluu za Oli

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Swadiki Lomoro, mzimamoto, mzaliwa wa Koboko, mkazi wa mtaa wa Oli hapa Arua. Alifariki wiki iliyopita kwa saratani ya figo. Amezikwa kwao Koboko. Mimi ni Sephora Ayikoru. Nilipokwenda kuwapa pole, mjane wake, Bi Zam, alinishika mkono. "Dada Sephora, wewe usimupambe," aliniambia. "Sema yote. Yeye mwenyewe alisema yote."

Basi nitasema yote.

Swadiki alikuwa mtoto wa askari. Alitembea kifua mbele na shati lake lilikuwa limepigwa pasi kila siku. Kwa miaka mingi alikuwa mzimamoto kwenye depo moja ya mafuta nje ya mji. Moto wa mafuta hauzimwi kwa maji matupu. Huzimwa kwa povu maalumu. Siku za mazoezi waliwasha moto ndani ya shimo, wakaufunika kwa povu jeupe, na watoto wa jirani walisimama kwenye uzio wakipiga makofi. Swadiki aliwarushia povu. Walilikimbilia, wakajipaka usoni, wakacheka. Naye alicheka.

Dawa ya povu hilo ililetwa katika jerikani za bluu, za plastiki nzito. Zikiisha, Swadiki alizisuuza na kuzipeleka nyumbani Oli. Aliwagawia majirani wachotee maji. Msichana akiolewa, alipewa jerikani. Mama akijifungua, alipewa jerikani. Stella Kiden, jirani wa ukuta kwa ukuta, alipewa mbili alipomzaa mwanawe Natale. Mtaani walimwita Baba Jerikani, na jina hilo alilipenda.

Halafu, mwaka juzi, walikuja watu depo kuiondoa dawa ya povu iliyobaki. Walivaa glavu, barakoa na mavazi ya kufunika mwili mzima. Swadiki, aliyeishika dawa hiyo kwa mikono mitupu, aliwauliza mbona wanavaa hivyo. Mmoja akamwambia: dawa hii ina kemikali zisizooza. Wengine huziita kemikali za milele. Zikiingia ardhini, hubaki. Zikiingia kwenye maji, hubaki. Zikiingia mwilini, hukaa miaka mingi. Na maji yakichemshwa, hazitoki.

Wakubwa wa depo waliwakataza wafanyakazi kusema lolote nje.

Jioni hiyo Swadiki alirudi nyumbani akamkuta Bi Zam akimimina maji ya kutawadhia kutoka jerikani ya bluu. "Alisimama tu mulangoni," Bi Zam anakumbuka. "Nikamuuliza, wewe iko mugonjwa? Akasema ni malaria."

Aliyeambiwa ukweli ni binti yake aitwaye Afisa, fundi wa maabara Kampala. Afisa aliwajua watafiti waliokuwa wakipima kemikali hizo kwenye damu ya watu. Swadiki akaenda, akatolewa damu, ikapelekwa ng'ambo. Majibu yalichukua muda mrefu. Afisa alimpigia simu.

"Baba, iko juu. Juu sana."

"Hiyo inaua mutu?"

"Kipimo haisemi hivyo, baba. Inasema tu iko ngapi ndani ya damu. Dawa ya kuitoa hakuna. Tunaacha ile kitu inaileta, na mwili inapunguza polepole."

"Usiambie mama yako," alisema Swadiki. "Usiambie mutu."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo haya ilipomkamata. Jerikani zake mwenyewe alizitoboa, akasema zimezeeka. Za majirani hakuthubutu kuzigusa. Alianza kupita njia ya nyuma ili asikutane na Stella Kiden kisimani. Msikitini alikaa mstari wa mwisho na kutoka wa kwanza. Mtu akimwita Baba Jerikani, alijifanya hasikii. Watu walisema amekuwa na maringo. Mvua zikaisha, zikaanza tena. Majirani waliendelea kunywa, naye aliendelea kunyamaza.

Siku moja Stella Kiden alikuja mlangoni, mjamzito, mkono kiunoni. "Baba Afisa, ile jerikani yako muzuri imepasuka. Iko na ingine?"

Swadiki aligeuka, akaingia ndani. Bi Zam alimkuta ameketi kitandani, uso ndani ya kofia yake. Ndipo alipomwambia mkewe. Kesho yake asubuhi walikwenda kwa Stella wote wawili.

Stella alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Natale yangu alikunywa?"

"Alikunywa, Mama Natale."

"Na wewe ulijua lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka jana!" Stella alisema. "Ulikuwa unaona mimi nachota maji, tumbo iko hivi, unapita tu? Toka kwangu."

Alitoka. Akaenda nyumba ya pili, na ya tatu, mtaa mzima. Kila mlango alisema maneno yaleyale. Wengine walimcheka. Wengine walimtukana mbele ya watoto wake. Alizikusanya jerikani zote alizorudishiwa na majirani, akazipanga mbele ya geti la depo mchana kweupe. Walinzi walimfukuza. Kazi ikaishia hapo.

Afisa aliwaunganisha majirani na watafiti. Stella alipimwa. Kemikali ilikuwamo kwenye damu yake, chini kuliko ya Swadiki, lakini ilikuwamo. Alijifungua salama mtoto wa kike. Hakuna daktari aliyeweza kumwahidi zaidi ya hapo. Na hakuna daktari aliyeweza kusema kwa hakika kwamba saratani ya Swadiki ilitoka kwenye povu. Walisema inawezekana. Swadiki hakubishana nao. Alisema tu kwamba bado anawaona wale watoto wa uzioni.

Stella hakumsalimia tena alipokuwa hai. Lakini mazishini Koboko alikuja, amembeba mtoto mgongoni. Nilimuuliza kwa nini.

"Nilimukasirikia sana, na bado," aliniambia. "Lakini watu mingi walijua hii maneno. Ile wakubwa walijua. Yeye peke yake alikuja mupaka mulango yangu, akaniangalia kwa macho."

Kwa Bi Zam, kwa Afisa, kwa ukoo wote wa Lomoro kule Koboko, poleni sana. Mungu amrehemu marehemu. Na kwenu majirani wa Oli, mnaolea watoto kwa wasiwasi, poleni nanyi.

Wasikilizaji wapendwa, chombo kikiingia nyumbani kwako, uliza kilibeba nini. Na wewe uliyekatazwa kusema, unayejua jirani yako anakunywa nini, fikiria asubuhi ile Swadiki alipokwenda kwa Stella. Kutoka depo, hakuna aliyekuja mazishini.