Mkono wa Winchi Uliokataa Kushoto

Benchi liko nje ya saluni ya Kinyozi, mguu mmoja umeegemezwa tofali, na asubuhi hiyo lilikuwa limebeba ugomvi wa ndugu wawili. Kaka mtu anaitwa Uzito, dada mtu anaitwa Rangi, na kwa pamoja wanatengeneza programu ya kompyuta ya kufundishia madereva wa winchi. Uzito anatumia maktaba ya fizikia, yaani kifurushi kilichoandikwa na watu wengine, chenye kukokotoa chuma kinavyoning'inia na kuzunguka. Rangi anatumia maktaba ya picha, inayochora kilichokokotolewa. Kati ya hizo mbili hupita jedwali la namba tisa linaloeleza mkono wa winchi umegeukia wapi. Maktaba ya kaka huziandika namba hizo kwa mlalo, mstari baada ya mstari. Ya dada huzisoma kwa wima, juu kwenda chini. Basi mwanafunzi akisukuma kijiti kushoto, mkono unakwenda kulia. Chuo cha madereva kinakuja kuikagua programu hiyo mchana, na Uzito ameshatamka kwamba ikishindikana atabeba kompyuta yake, kila mtu apike chungu chake.

Rangi alikunywa kahawa bila kuisikia ladha. Asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, alikuwa amemeza kiburi, akachukua kazi ya kaka yake kama ilivyokuwa na kuligeuza jedwali upande wake mwenyewe, mlalo ukawa wima. Mkono ukaenda kulia vilevile. Kujishusha kwake kote kumekwenda bure, na jambo hilo lilimuuma kuliko winchi yenyewe. Hakumwambia mtu.

— Mimi sigeuzi, alisema. Langu linasoma kwa wima, na litasoma kwa wima mpaka kiama.

— Tutakutana hukohuko kiama, alijibu Uzito. Mimi ni mlalo. Hata ulete tingatinga.

Rangi akamkumbusha nani alileta maktaba ile bila kumuuliza mwenzake. Uzito akamkumbusha nani alizaliwa kwanza.

— Kutangulia kuzaliwa hakugeuzi namba, kaka.

Kinyozi alipuliza kikombe chake.

— Mnahangaika bure. Hicho ni kioo. Mteja wangu akiinua mkono huu, kule unainuka ule. Tafuteni kioo kilipo humo ndani ya kompyuta, mkitoe.

— Kioo kitoke wapi? alidakia Spana, fundi wa magari, ambaye hana siku anayomaliza bila methali. Nyaya za betri zimefungwa kinyume. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, ndiyo maana namba zikifika tisa zinamwagika. Punguzeni zibaki sita.

— Betri gani tena? alisema Kinyozi. Walioandika hiyo maktaba mmewahi kuwaona? Huenda wote wanaandika kwa mkono wa kushoto.

— Mkono hauna kosa. Hao wanaishi upande wa chini wa dunia, wanaandika huku wananing'inia. Na mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mmeichelea hiyo winchi, sasa inakwenda kulia.

Hata Uzito nusura acheke. Rangi hakucheka. Alikuwa anawaza chungu chake peke yake kitapikwa wapi.

Ndani ya saluni alikuwako mteja mgeni, anangoja kunyolewa, povu shavu moja. Akachungulia mlangoni.

— Samahani jamani, mimi mpita njia tu. Mpaka sasa hilo jedwali limegeuzwa mara ngapi?

— Halijageuzwa, alisema Uzito haraka.

Rangi alifungua mdomo aseme hivyohivyo, akaufunga. Kaka yake alikuwa anatazama chini ya kikombe, uso uleule aliokuwa nao utotoni kila mara kitu kilipovunjika jikoni.

— Kaka.

— Jana jioni, alisema Uzito polepole. Niligeuza upande wangu. Niliona utaniacha.

— Mimi nimegeuza leo asubuhi.

Lililogeuzwa na mmoja lilikuwa limegeuzwa tena na mwingine, likarudi palepale lilipoanzia. Spana alitafuta methali, akaikosa.

— Basi ni jambo dogo, alisema mgeni. Mmoja arudishe ya zamani, yake ndiyo ishinde. Nani?

Rangi alikunja mikono kifuani.

— Si mimi. Nimeshamgeuzia kaka yangu, sirudi nyuma.

— Wala mimi. Nimemgeuzia mdogo wangu, imetoka hiyo.

Kinyozi aliwakumbusha kwamba chuo kinakuja mchana. Hakuna aliyenyanyuka. Kinyozi akainamisha birika la kahawa, tone halikutoka. Ndugu wale walibaki wamebanana kwenye benchi, bega kwa bega, kila mmoja amekataa katakata kuwa mshindi.