Jitbahan Tanti na Mchanga wa Duara la Saba

Tarehe 31 Machi 2024, Bwana Jitbahan Tanti, msimamizi mkuu wa uwanja katika Klabu ya Gofu ya Dhekiapara, anastaafu baada ya miaka thelathini na minane kazini. Aliajiriwa tarehe 1 Aprili 1986 kuzibua mitaro. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na kwa maneno yake mwenyewe, alidhani bendera zilizosimikwa uwanjani ni za chama cha siasa.

Uwanja wetu una mashimo tisa tu na sifa zake hazifiki mbali. Wenzetu wa Shillong, kule milimani, wana misonobari na nyasi laini. Sisi tuna chai pande tatu na mpunga upande wa nne, na kila shimo letu limezungukwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu, ili usipeperuke na mpira upate kuteleza sawasawa. Mchezaji akimaliza, gunia huburuzwa juu ya duara kufuta nyayo zake. Kanuni ya kumi na moja, iliyobandikwa ukutani kabla yetu sote, inasema mpira ulioingia katika unyayo wa tembo huinuliwa bila adhabu.

Mchanga ndio uliomtoa Bwana Tanti mtaroni. Alikuwa akiufinya kiganjani, anaunusa, kisha anasema umezidi mafuta au umepungukiwa, na hakukosea. Mwaka 1992 alikabidhiwa maduara yote tisa. Kwa miaka kumi na moja alikataa kupiga mpira hata mmoja. Alipokubali, mwaka 1997, alishinda mashindano ya wafanyakazi mara tatu mfululizo, na kila mara zawadi ilikuwa sufuria ya presha. Mwaka wa tatu mkewe, Bibi Somari, alikuja ofisini kuuliza kwa adabu kama klabu haina chombo kingine.

Mengi ya namna hiyo ningeweza kuyaandika. Lakini iko siku moja ambayo haijawahi kuandikwa sawasawa, nami, karani wa klabu, ndiye niliyeiandika vibaya. Ni Alhamisi, tarehe 12 Novemba 2009. Saa zote hapa chini nimezitoa katika shajara yangu.

Mwaka ule kampuni yenye ardhi ilitaka kupanda chai uwanjani. Ilitupa nafasi moja. Chama cha gofu cha kanda kilikuwa kinatayarisha orodha ya viwanja vidogo vinavyostahili safari ya mchezaji. Tukiingia katika orodha, uwanja ungebaki. Tukikosa, miche ingeingia Aprili, na watu kumi na tisa wangepoteza kazi pamoja na nyumba za kambini zinazokwenda na kazi hizo. Bwana Tanti alikuwa mmoja wao, na watoto wake watatu walizaliwa katika nyumba ile. Mkaguzi, Bibi Ibanri Syiem wa Shillong, angecheza siku hiyo kuanzia saa mbili na nusu asubuhi.

Barua ya chama ilituomba pia tuache oili chafu kwa sababu ya vijito. Katibu wetu wa wakati huo, Bwana Handique, aliniambia nitafute kitu kingine. Nilikuwa nimeona molasi, rojo tamu la miwa, ikimwagwa kwenye barabara ya shambani kuzuia vumbi. Tarehe 10 jioni, Bwana Tanti akiwa ukweni kwa siku mbili, niliondoa mchanga wa duara la saba na kuweka mwingine niliouchanganya na molasi, bila kumuuliza yeyote. Nilichagua la saba kwa kuwa liko nyuma kabisa, kando ya mpunga, na jaribio likiharibika lisionekane na watu.

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri ya tarehe 12, Bwana Tanti alinigongea mlango. Alikuwa na punje za mchanga mdomoni, maana alikuwa ameuonja.

"Karani," alisema, "nani kawapikia wageni?"

Nusu ya duara la saba haikuwepo. Tembo walikuwa wamelichimba na kulilamba. Kundi lilikwisha kwenda zake, lakini jike mmoja na mtoto wake walikuwa bado wamesimama pale, wanapekua kilichosalia. Bwana Handique alifika na baruti za kutishia wanyama.

"Washa moja tu, wataondoka," alisema.

"Wataondoka kupitia wapi, Bwana?" Bwana Tanti alimuuliza. "Huyo ana mtoto. Akishtuka atakwenda moja kwa moja, na moja kwa moja ni duara la tatu, la pili na jiko la klabu."

Baruti zilirudishwa mfukoni. Bwana Handique alikwenda kumpokea mgeni, akiamini kwamba tungesawazisha tu kilichobaki. Bwana Tanti aliwachukua Phulmoni na Etwari, wanawake wawili wa kikosi chake, na kusubiri hadi jike yule alipomsogeza mtoto kivulini. Kisha walikwangua mchanga wote wenye molasi na kuurundika kando ya mtaro, hatua sitini kutoka kwenye shimo. Jike na mtoto walirudi, wakaenda kwenye rundo. Nilimuuliza Bwana Tanti kwa nini asiwaondolee chakula kabisa.

"Mgeni mwenye sahani mbele yake hazunguki nyumbani kwako," alinijibu.

Sasa duara la saba lilikuwa udongo mtupu. Mchanga wake wa zamani nilikwisha kuumwaga barabarani, wa akiba haukuwepo, na mchanga mkavu wa mtoni usingeshika. Bwana Tanti alitazama saa yangu.

"Anaanza saa mbili na nusu. Akishamaliza shimo la kwanza, hana haja tena na duara lake. Tutalihamisha."

"Na akigeuka nyuma?"

"Ndiyo maana tunaye karani. Mwoneshe ndege."

Njia ya kukatisha kutoka duara la kwanza hadi la saba ni hatua mia mbili. Bibi Syiem alimaliza shimo la kwanza saa mbili na dakika arobaini na nane. Alipopotea nyuma ya mianzi, toroli tatu zilitoka kwenye chai. Alipomaliza la pili, likachukuliwa nalo, kwa kuwa la saba ni pana kuliko yote. Mimi nilitembea kando yake nikieleza historia ya kila mti, na mingine niliibuni. Shimo la nne alipiga vizuri mno, haraka mno. Shimo la tano nilijisingizia mchanga wa figo ili tukae kidogo. Yule mama alinitazama akasema, "Karani, ukifa hapa nitaandika nini kwenye ripoti?"

Tulifika la saba saa nne na dakika tisa. Duara lilikuwepo, jeusi, limeburuzwa, limelala kama shuka. Phulmoni na Etwari walikuwa wamejibanza mtaroni. Mpira wa Bibi Syiem ulianguka katika unyayo wa tembo wenye maji, hatua kumi na tano kabla ya duara. Hapo ndipo alipoinua macho na kumwona jike kwenye rundo, na mtoto chini ya tumbo lake.

Jike aliacha kula. Masikio yalifunguka.

Bwana Tanti alitoka akiwa na gunia lake la kuburuzia, akasimama katikati, mgongo kwetu, uso kwa tembo. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayeongea na shemeji yake jikoni. "Kula, Mama. Huyu naye yuko kazini. Akikosa yeye, mimi nahama, na wewe utapikiwa na nani?"

Nilihesabu dakika mbili na nusu. Jike alishusha mkonga kwenye mchanga. Bibi Syiem aliinua mpira kwa kanuni ya kumi na moja, akaudondosha, akaupiga hadi kwenye duara, akausukuma. Uliteleza ukaingia shimoni.

Nilidhani yamekwisha. Lakini uwanja wa mashimo tisa huchezwa mara mbili, na klabuni Bibi Syiem alisema atakula kwanza, kisha aanze upya. Bwana Handique akajibu, "Karibu sana," kwa kuwa hakujua. Nilikwenda jikoni nikamwambia mpishi amwage mchuzi wa samaki na kupika mwingine. Ulichukua dakika hamsini na tano. Kule nje, mchanga wa duara la nane na la tisa ulikuwa njiani kwenda la kwanza na la pili, kwa toroli zilezile na watu walewale, ambao hawakuwa wamekula tangu alfajiri. Aliporudi kucheza, la kwanza na la pili yalikuwa tayari, na alipoyamaliza, mchanga wake ulirudishwa nyuma yake hadi la nane na la tisa. Kwenye duara la kwanza alikanyaga alama ya gurudumu. Aliiangalia, akaangalia chai, akasema, "Mna kazi nyingi hapa," akaendelea.

Januari orodha ilitoka nasi tumo. Miche haikuja. Nyumba kumi na tisa zina watu hadi leo.

Lakini siku ileile jioni Bwana Handique aligundua kwamba maduara yalibomolewa bila ruhusa yake, akaagiza Bwana Tanti apewe barua ya onyo kwa uzembe. Niliipiga taipu mimi. Nilijua molasi ilikuwa ya nani, na Bwana Tanti alijua, na Bwana Handique hakuuliza. Kwa barua ile usimamizi mkuu, aliostahili mwaka uliofuata, aliupata mwaka 2014. Kila asubuhi ya miaka hiyo alinisalimu kwanza.

Tarehe 4 Machi mwaka huu nilikwenda mbele ya kamati na shajara yangu. Kamati iliitoa barua ile katika faili la Bwana Tanti, na maelezo ya kosa yamewekwa katika faili langu, mahali pake panapostahili. Nilipompelekea habari nilimuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote ile.

"Wangekufukuza, wangeleta karani mwingine," alisema. "Huyo naye angejaribu nini?"

Bwana Tanti amefundisha watu kumi na wanne kazi ya mchanga. Tangu 2011 tunatumia mafuta ya haradali yaliyokwisha kukaangiwa, jambo alilolipima yeye kwa misimu miwili kabla ya kulikubali. Phulmoni ndiye atakayeshika nafasi yake.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Kaka Jit, tunakushukuru kwa kazi na kwa nyumba zetu. Nenda na Bibi Somari kwa amani, na siku zako za kupumzika ziwe nyingi na njema. Na kwa niaba yangu mimi, Lohit Chetia, karani, mbele ya watu wote waliokusanyika leo: nisamehe.