Bi Suuza na Kishimo Kitupu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Suuza anavua koti jeupe alilolivaa miaka thelathini na mmoja. Jina hilo tulimbandika sisi wenzake wa maabara, maana sahani ya vipimo huisuuza mara tano, akaitazama kwenye mwanga, kisha akaisuuza tena. Mumewe anasema hata vikombe vya nyumbani havipumui.

Alianza kwa kuosha chupa. Leo ndiye anayewafundisha wageni wote kunasa protini ya ukuaji, ile inayouhimiza mwili wa binadamu kujenga ngozi mpya. Hutumia kingamwili: moja hugandishwa chini ya kishimo cha sahani ili iikamate protini, nyingine hufuata na rangi. Protini ikiwemo, kishimo hugeuka njano. Katika kila sahani huacha kishimo kimoja bila sampuli, ambacho hakitakiwi kugeuka rangi. Tulimtania kwamba anamwekea mgeni.

Miaka kumi na mmoja iliyopita nilipima majimaji ya vidonda vya watu walioungua, waliokuwa wakipakwa dawa mpya. Madaktari walingoja jibu langu ili waamue kama waendelee nayo. Sahani nzima ikawa njano! Nilishangilia hadi mlinzi akachungulia. Bi Suuza akanionyesha kishimo chake kitupu. Nacho kilikuwa njano, maana yake njano yote ile ilikuwa ya uongo.

Kabla ya kutia sampuli, vishimo hupitishiwa maziwa ya unga ili kingamwili zisijishikize ovyo kwenye plastiki. Asubuhi ile kopo lilikuwa tupu, kwa kuwa maziwa yenyewe niliyamalizia kwenye chai yangu, nikaona kuruka hatua moja si neno. Haraka haraka haina baraka. Sikuwa na uso wa kumwambia mkuu wetu. Bi Suuza alileta kopo jingine, tukarudia kazi siku mbili bega kwa bega. Protini ilionekana kwa wagonjwa watatu tu kati ya arobaini, na wale wengine wakabadilishiwa dawa mapema.

Mkuu hakuniuliza kitu, nikadhani nina bahati. Mwezi uliopita, nikimsaidia Bi Suuza kupanga madaftari yake, niliukuta ukurasa wa siku ile kwa mwandiko wake: “Sahani imeharibika. Kosa ni langu.” Chini yake mkuu ameandika onyo. Kumbe ndiyo maana mwaka ule hakupandishwa cheo. Nilikaa kwenye kiti nikalia.

Ahsante, mama, kwa yote uliyotubebea. Tunakuombea afya tele, usingizi mrefu wa asubuhi na wajukuu watundu. Na onyo lile nimemwomba mkuu alihamishie kwenye faili langu. Amelihamisha jana.